Tumekuja Kupunga Upepo: Historia Fupi ya Chakula Chepesi cha Kwetu

Wazee wangu, ndugu zangu wapendwa, na nyinyi vijana mliozaliwa katika nchi za watu,

Napenda kuwaarifu kwamba kamati ya matayarisho imeniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya kijitabu cha mkutano wetu wa Disemba, ambao, Mwenyezi Mungu akipenda, utafanyika Jambiani, kusini-mashariki ya Unguja, katika nyumba mbili za kukodi zilizo ufukweni. Mada niliyopewa ni chakula. Katibu wetu ameeleza kwa barua kwamba anataka habari za vyakula vyepesi na vitafunio vinavyoweza kutengenezwa katika nyumba ya kukodi yenye jiko dogo na masufuria machache.

Nilipoisoma barua hiyo nilicheka. Kila anijuaye anajua kwamba mimi si mpishi. Miaka 4 nilikuwa karani wa serikali kwetu Unguja, na miaka 35 baada ya hapo nilikaa nyuma ya meza ya wizara hapa Maskati, nikipanga majalada na kuandika dokezo. Chakula nilikijua kikiwa kimekwisha kufika kwenye sinia. Lakini nilipoiweka barua chini nilimkumbuka dada yetu mkubwa, na kicheko kikanitoka.

Nyinyi mliohudhuria mkutano wa mwaka 2017 mtakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa matayarisho. Niliandika ratiba ya chakula kama waraka wa serikali: siku ya kwanza pilau, siku ya pili wali wa nazi na kuku wa kupaka, siku ya tatu biriani, siku ya nne pilau tena, kila mlo na mchuzi wake, kachumbari yake na tamu yake. Tulikuwa watu 41. Jiko la nyumba ile lilikuwa la gesi, la mafiga mawili. Dada alikuwa amefika kutoka Portsmouth, na ulikuwa mwaka wake wa 22 bila ya kuitia mguu Unguja. Aliingia jikoni siku ya kwanza baada ya Sala ya Alfajiri, akafunga kanga kiunoni, na humo ndimo alimokaa. Bahari ilikuwa hatua 30 kutoka mlango wa jiko, naye akaiona kupitia dirishani.

Usiku wa tatu gesi ilikwisha, na mtungi wa akiba ukaonekana kuwa mtupu. Nyama ya biriani ilikuwa bado mbichi. Mimi nilikasirika; yeye alicheka. Aliwatuma vijana kwa jirani wakanunue muhogo, wengine wakatafute tasi na changu kwa wavuvi, akawasha makumbi ya nazi pale pale mchangani. Haikupita saa moja tukawa tunakula. Ndipo dada alipokaa kitako kwa mara ya kwanza tangu kufika, miguu yake ndani ya mchanga, akatuhadithia. Kijana mmoja wetu alimrekodi kwa simu. Rekodi ile ina dakika 47.

Dada alifariki mwaka 2021 huko Portsmouth, wakati safari zilipokuwa zimefungwa kwa sababu ya maradhi, na wengi wetu hatukuweza kumzika. Dakika zile 47 ndizo sauti yake pekee tuliyo nayo. Siku nne tulikuwa naye chini ya paa moja, na hicho ndicho tulichopata. Saa nyingine zote nilimgawia jikoni mimi, kwa ratiba yangu.

Kwa hiyo nimeikubali kazi hii ya kuandika juu ya chakula, ila nitaifanya kwa njia niijuayo, yaani kwa kurudi kwenye jalada na kuuliza: mambo haya yalianzaje? Nimeona kwamba sisi tumedhani chakula kizito ndicho cha asili na cha heshima, na chakula chepesi ni cha dharura. Historia haisemi hivyo.

Ndizi na samaki

Shahidi wa kwanza ni msafiri mashuhuri wa Morocco, Ibn Battuta, aliyeipita pwani yetu mwaka 1331. Alipofika Mogadishu alikuwa mgeni wa Sultani, na ameeleza kwamba aliletewa chakula mara tatu kwa siku: wali uliopikwa kwa samli, uliopakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Ziliwekwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya ndimu na ya embe. Ukikiondoa kile chombo cha mti, hiyo ni karamu ya harusi ya kwetu mpaka leo.

Kutoka hapo alishuka mpaka Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Huko ameandika kwamba watu wa kisiwani hawakulima nafaka, bali nafaka ililetwa kwao kutoka upande wa bara, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Wala hakuwadharau kwa hilo. Amewasifu kwa uchaji Mungu na tabia njema, na misikiti yao ya mbao ameisifu kwa ujenzi wake madhubuti.

Tazameni basi: katika safari moja, msafiri mmoja alikuta meza mbili za pwani yetu. Moja ni ya kasri, yenye wali na samli. Ya pili ni ya watu wa kila siku, yenye kile kinachotoka baharini na kile kinachoning'inia mgombani. Zote mbili ni zetu, na umri wao ni mmoja.

Hata mchele wenyewe ulikuwa mgeni siku moja. Wachunguzi wa mambo ya kale waliokusanya mbegu zilizoungua katika magofu ya Pemba wameona kwamba huko Tumbe, baina ya karne ya 7 na ya 10, nafaka iliyotangulia ilikuwa uwele. Ni huko Chwaka ya Pemba, tangu karne ya 11, ndiko mchele ulikoshika nafasi ya mbele. Hiyo Chwaka msiichanganye na Chwaka ya Unguja, ambayo nitaitaja mbele.

Vilivyokuja na merikebu

Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498. Wareno walikaa Mombasa katika Ngome ya Yesu mpaka mwaka 1698, walipotolewa na Waomani. Walituachia misiba, na walituachia maneno: tunaposema meza, kopo, leso au bendera, tunasema Kireno bila ya kujijua. Tena, kupitia merikebu zao, ilitufikia mimea ya Marekani ya Kusini na ya Kati: muhogo, mahindi, viazi vitamu, karanga, korosho, nanasi, papai, mapera, tungule na pilipili kali. Kabla ya hapo hakuna Mswahili aliyepata kuonja muhogo wa kuchoma. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107. Muhogo unaouzwa leo nje ya msikiti huo ulikuja zaidi ya miaka 400 baadaye.

Kwa nini basi umekuwa wetu kiasi hiki? Sababu yake ni ya kiulimwengu. Upande wa mashariki wa Unguja ni ardhi ya mawe, udongo wake ni haba, na mpunga haupapendi. Muhogo hukubali kuota humo, huvumilia ukame, na ukishakomaa hauna haraka ya kuvunwa. Waweza kukaa ardhini miezi kadhaa ukimngoja mwenyewe. Ghala yake ni shamba lenyewe. Mgeni akibisha hodi bila ya taarifa, mwenyeji huchukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba, na chakula kimepatikana. Hapana nafaka iwezayo kufanya hivyo.

Vijana wangu wa ughaibuni, nina neno moja la tahadhari. Muhogo una namna mbili, mtamu na mchungu, na ule mchungu una sumu ambayo huhitaji kuondolewa kwa matayarisho maalumu. Mnunueni kwa mtu wa kijijini, mwambieni mnataka wa kuchoma au wa kupika, umenyeni maganda yote mawili, na msiule ila umeiva barabara.

Chakula cha chomboni

Mwezi tutakaokutana ni mwezi wa kaskazi. Kwa karne nyingi, vyombo vya Oman, Ghuba na Hadhramaut vilishuka kwa upepo huo vikileta tende, chumvi na papa mkavu, kisha vikangoja kusi kurudi na boriti na karafuu. Babu zetu waliotoka upande huu ninakokaa leo walisafiri hivyo.

Walikula nini njiani? Baharia wa Australia aitwaye Alan Villiers alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 mpaka Unguja na Rufiji, na akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Ameeleza maisha ya juu ya sitaha: moto uliowashwa ndani ya sanduku, wali, mikate, tende, na samaki walipopatikana, wote wakiizunguka sinia moja. Chomboni hapakuwa na chumba cha jikoni cha kumfungia mtu. Aliyepika alipika mbele ya wenzake, naye alisikia kila kisa kilichosimuliwa.

Na katika upepo huo huo wa kaskazi walikuja watu wa Gujarati, na pamoja nao chapati, bajia na kachori. Sambusa nayo ni msafiri wa zamani; jina lake lina asili ya Kiajemi, na yule yule Ibn Battuta alikula kitu cha namna hiyo katika karamu za Delhi. Leo vitu hivi vyauzwa barazani jioni, vikiwa moto, kwa bei ambayo mtu wa Maskati au London hawezi kuilalamikia. Sioni sababu ya mtu kuvuka bahari ili akakunje sambusa 200 ndani ya nyumba ya kukodi.

Chwaka, mwaka 1961

Sasa nije kwenye zile dakika 47. Dada alikuwa na umri wa miaka 11. Anasema kila mwaka, shule zikifungwa, Bibi aliwachukua wajukuu na kwenda nao Chwaka, upande wa mashariki, kiasi cha maili 20 kutoka mjini. Walipanda gari la shamba lenye bodi la mbao, na huko Bibi alikodi nyumba ya makuti yenye vyumba viwili. Kwa hiyo, enyi vijana mnaodhani nyumba ya kukodi ya ufukweni imeletwa na watalii, jueni kwamba bibi yenu aliwatangulia.

Dada alivihesabu vitu alivyobeba Bibi, na mimi nimevinakili kutoka kwenye rekodi: pishi mbili za mchele, kikapu cha tende, kopo la samli, chumvi, ndimu, bizari, buni za kahawa, mkate wa ufuta wa siku ya kwanza, sufuria mbili, chungu kimoja na mbuzi ya kukunia nazi. Basi. Samaki, muhogo, ndizi na madafu vilipatikana huko huko. Mwenye nyumba aliwaletea muhogo, na Bibi akampa tende na kahawa; hapana aliyehesabu nani amemzidi mwenzake.

Palikuwa na shangazi mmoja, asema Dada, aliyetaka kusonga unga na kupika hiki na kile. Bibi alimwambia: "Mwanangu, hatukuja kupika, tumekuja kupunga upepo." Mlo wa moto ulikuwa mmoja kwa siku, adhuhuri. Asubuhi walikula kiporo au mkate, alasiri embe mbichi kwa chumvi na pilipili, usiku tende na kahawa, au muhogo uliochimbiwa katika makaa.

Baada ya chakula cha adhuhuri Bibi alijinyosha kwenye jamvi, akawakalisha wajukuu, akawasomesha majina ya mababu mpaka wayaseme bila ya kukosea. Majina yale saba yaliyo juu kabisa ya shajara ya ukoo, mtakayoiona katika ukurasa wa kati wa kijitabu hiki, hayakutoka katika daftari lolote. Yametoka kwenye jamvi la Chwaka, yakakaa katika kifua cha Dada miaka 56, na tumeyapata usiku ule gesi ilipokwisha.

Katika shajara hiyo mtaona pia nafasi moja iliyo tupu. Ni jina la mama yake Bibi. Dada alisema usiku ule kwamba Bibi alilitaja, na kwamba mama huyo alikuwa na kisa chake, lakini saa zilikuwa zimekwenda na watoto walikuwa wamesinzia. Nilikusudia kumuuliza kesho yake. Kesho yake mtungi mpya wa gesi ulifika.

Miaka ya foleni

Nimejiuliza mara nyingi: ikiwa Bibi alikuwa na hekima ile, sisi wajukuu zake tumeipoteza wapi? Nadhani najua, na sitawaficha, japokuwa nina haya kidogo.

Mchele wetu wa zamani kwa sehemu kubwa ulitoka ng'ambo, hasa Burma. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele ule ulikatika, na visiwani watu walihimizwa kulima vyakula vyao wenyewe, muhogo ukiwa mbele. Wazazi wetu waliikumbuka miaka hiyo kwa huzuni. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele, unga wa ngano na sukari vilikuwa adimu tena Unguja. Mimi nilikuwa na miaka 11 au 12. Nilisimama katika foleni ya mkate kabla ya jua kuchomoza, na mara nyingi nilirudi na kikapu kitupu. Tulikula muhogo asubuhi na muhogo usiku.

Siku moja ndugu zake Mama walitujia kutoka Mombasa. Mama aliwawekea muhogo wa kuchemsha na chai isiyo na sukari. Wageni walikula na kushukuru. Lakini walipokwenda kulala, nilimkuta Mama uani akilia, naye akaniambia kwamba hakujua kama angefikia siku ya kumwekea mgeni muhogo mtupu. Nililiweka neno lile moyoni kama kiapo. Niliondoka Unguja mwaka 1984, nikapata kazi na riziki huku, na nyumbani kwangu hakuna mgeni aliyeondoka bila ya kula wali na nyama. Wengi wenu mna kiapo kama hicho, hata kama hamjakipa jina. Ndiyo maana tukikutana twashindana kwa masinia, na anayeleta chakula chepesi huonekana bahili.

Ratiba yangu ya mwaka 2017 niliiandika kwa ajili ya Mama, ambaye alikuwa amekwisha fariki zamani. Nilitaka kuyafuta machozi yake kwa pilau. Na gharama ya pilau ile aliilipa binti yake.

Naamini Mama hakulia kwa sababu ya muhogo. Alilia kwa sababu hakuwa na hiari. Muhogo wa Chwaka ulikuwa muhogo ule ule, lakini Bibi aliuchagua. Sisi leo tunayo hiari. Tukiuchagua, hatuwarudishi wazee wetu kwenye foleni. Twawarudisha kwenye jamvi.

Mapendekezo kwa mkutano wa Disemba

Baada ya kushauriana na wanaojua kupika, nawasilisha mapendekezo yafuatayo. Vipimo ni vya watu 10. Kila kundi lizidishe kwa hesabu yake.

Asubuhi tusipike. Wako majirani Jambiani wanaopika maandazi, chapati na mbaazi za nazi kwa ajili ya kuuza. Tuwaagize tangu jioni na tuwalipe vizuri. Sisi tuchemshe chai tu, ya mchaichai au ya tangawizi. Disemba ni msimu wa embe na nanasi, basi matunda yasikose mezani.

Adhuhuri uwe ule mlo wa Mombasa wa mwaka 1331: ndizi na samaki. Nunueni samaki kilo 3 ufukweni, ngalawa zinaporudi. Changu, tasi au kolekole wote wanafaa. Muwasafishe, muwatie katika sufuria kwa maji ya kuwafunika kidogo, chumvi, ndimu 4, vitunguu maji 2, tungule 3 na pilipili nzima isiyopasuliwa. Wakichemka, punguzeni moto, muwaache dakika 15 tu. Hiyo ndiyo chukuchuku. Haina mafuta wala nazi, na samaki wa jana haifai, kwani hapana kitu cha kuificha harufu yake. Ndizi ziwe mkono wa tembo, zilizoanza kuiva, zichomwe juu ya makaa pamoja na maganda yake mpaka ziwe nyeusi nje na laini ndani.

Alasiri ni saa ya vitafunio: madafu, embe mbichi iliyokatwa vipande kwa chumvi na pilipili, korosho na karanga za kukaanga, kashata, tende na kahawa. Hakuna hata kimoja kinachohitaji zaidi ya kisu na birika.

Usiku, kwa watakao chakula cha moto, upo muhogo wa nazi. Muhogo kilo 4, umenywe, ukatwe vipande na kuondolewa uzi wa katikati. Kuneni nazi 3, mkamue kwanza tui zito, lile ambalo wazee huliita kasimile, mliweke kando. Kisha mtie maji tena na mkamue tui jepesi. Pikeni muhogo kwa tui jepesi na chumvi mpaka ulainike kabisa, ndipo mtie kasimile, mkoroge polepole mpaka lishikane. Muhogo wa kuchoma una kazi ndogo zaidi, na pweza wa kuchoma akipatikana, basi tena. Jioni nyingine tununue mishikaki, bajia na kachori za barazani.

Pilau sijaifuta. Itakuwepo mara moja, siku ya Ijumaa, na itapikwa na wapishi wa kijijini kwa malipo yao, nje, kwa kuni, katika masufuria yao makubwa. Hiyo ni karamu ya kasri, na kasri huwa na wapishi wake.

Ama kuhusu zamu: kila mlo wahudumu watu watano kwa muda usiozidi saa moja, wanaume kwa wanawake, na asiwe mmoja na yule yule siku mbili. Zamu ya kwanza, siku ya Jumatano adhuhuri, jina langu liko juu. Nimekwisha kujifunza kuparua samaki hapa Maskati, na mke wangu ni shahidi, ingawa ushahidi wake una masharti. Aliyepindukia miaka 70 haruhusiwi kuingia jikoni ila kwa kuchungulia na kukosoa.

Wazee wetu waliobaki wenye umri huo ni sita. Mmoja wao, shangazi yetu wa Mombasa, alikuwa Chwaka pamoja na Dada. Ndiye yule aliyetaka kusonga unga. Nimempigia simu, na ameniambia kwamba huenda analikumbuka jina la mama yake Bibi, lakini halisemi kwenye simu. Anataka aulizwe mbele ya watu, ufukweni, akiwa amekaa. Jamvi nimekwisha kulinunua.

Wabillahi tawfiq. Tukutane Jambiani tukiwa wazima.